Petroli ya Ndege

Mjukuu wangu mmoja anaipenda harufu ya petroli. Tukiingia kituo cha mafuta hushusha kioo cha gari na kuvuta pumzi kama mtu anayepita mlango wa nyumba inayopika pilau. Mimi hupandisha changu. Wajukuu husema bibi ana maringo ya uzee, nami huwaacha waseme, kwa sababu kuwaeleza ni kuwarudisha Bagamoyo ya utoto wangu, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu, ambamo madumu ya mafuta yalikaa pamoja na magunia ya mchele na mikeka ya wageni. Wali wetu ulinuka mafuta ya taa. Tulizoea, tukadhani wali wa watu wote ndivyo unavyonuka.

Baba alikuwa na lori. Vita vikubwa vilipokwisha, jeshi liliuza magari yake, naye akanunua moja la magurudumu sita, lenye pua ndefu na injini kubwa ambayo ikiwashwa vikombe vilicheza rafuni. Mtaa mzima waliliita Jitu. Lilibeba chumvi na ng'onda, samaki waliokaushwa, kwenda Lugoba na Ubena, likarudi na mahindi na mkaa.

Jitu lilikuwa na njaa ya kutisha, na petroli siku zile bado ilikuwa ya kadi, hukupata utakavyo. Kwa hiyo madereva waliichanganya na mafuta ya taa. Baba alichanganya ndani ya pipa uani, akikoroga kwa fimbo ya mkoko, kisha anajimwagia kidogo nyuma ya kiganja. Ikikauka upesi na kuacha ubaridi, petroli bado ni nyingi, mafuta ya taa yataongezwa. Ikiacha utelezi, yameshazidi. Mama alikuwa akisema kwamba lau mumewe angemwangalia yeye kwa makini kama anavyoliangalia lile pipa, asingekuwa na la kulalamika.

Ule mchanganyiko ulikwenda vizuri tambarare. Kwenye mlima wenye mzigo, injini ilianza kugonga. Mimi niliupenda mlio ule, niliona kama wanawake wanatwanga ndani ya boneti. Baba hakuupenda. Akiusikia alilegeza mguu, akashusha gia, akasema peke yake, "Haraka haraka haina baraka," na Jitu likapanda pole pole mpaka mlio ukaisha.

Sasa, pembeni ya chumba kile cha nyuma, chini ya gunia, kulikuwa na dumu moja la jeshi ambalo watoto hatukuruhusiwa kuligusa. Ndani yake mlikuwa na petroli ya ndege. Askari mmoja alimpa Baba kambi yao ilipofungwa. Ilikuwa na rangi ya kijani, na harufu yake ilipanda kichwani kabla hujaikaribia. Baba aliitumia asubuhi tu, kizibo kimoja, kuiamsha injini iliyolala na baridi. Ukimwuliza kwa nini asiimwage yote tangini, alijibu kama walivyojibu madereva wote wa pwani yetu: ni kali mno, itaunguza vali. "Injini iliyokulia muhogo usiilishe pilau," alisema, "itaharisha." Watu walicheka, na mimi nilicheka zaidi ya wote.

Bibi yangu, mama yake Mama, alikaa Lugoba. Hakutaka binti yake aolewe na dereva. Alisema dereva ana mke kila kituo. Mama akamjibu, na alimjibu maneno gani sikuambiwa mpaka leo, ila najua yalikuwa mazito, maana Bibi alimwambia asikanyage tena kwake mpaka siku atakayokuja kuomba radhi. Nilizaliwa baada ya hapo. Nikakua mpaka nikaanza chuo cha Kurani, na Mama alikuwa bado hajaenda.

Jitu lilipita Lugoba karibu kila wiki. Baba alisimama, akamsalimu Bibi, akamwachia chumvi na samaki. Bibi alipokea samaki, akaitikia marahaba, lakini hakumwita mkwe hata siku moja. Alimwita "wewe mwenye gari." Baba akirudi alitueleza huku anacheka, ingawa cheko lake lilikuwa fupi. Na kila safari, kabla hajaondoka, alimwambia Mama, "Panda twende." Mama alikuwa na nguo hazijakauka, au mtoto ana homa, au kichwa kinamgonga. "Safari ijayo, inshallah."

Ndipo asubuhi moja akaja kijana na baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Alitumwa na mama mkubwa, dada yake Mama aliyekuwa akimuuguza Bibi. Hakukaa hata kitako. "Bibi hali yake si nzuri," alisema. "Anakuuliza wewe. Dada yako anasema usichelewe."

Mama hakulia. Alijitanda khanga akatoka nje. Lori lilikuwa limeshapakiwa chumvi tangu jana yake.

"Shusha chumvi," alimwambia Baba.

"Kuishusha kutakula asubuhi yote. Twende hivi hivi."

Habari ikaenea mtaani kabla maji hayajawekwa kwenye rejeta. Kwetu gari linalokwenda kwa mgonjwa halikatazi mtu. Wakaja majirani, wakaja jamaa wa Kikwere waliokuwa na kwao huko, wakaja wazee wawili ambao nadhani walitaka kutembea tu, wote wakapanda juu ya magunia ya chumvi, na Baba hakuwa na ulimi wa kumwambia yeyote ashuke. Matairi yalibonyea. Baba akayatazama.

Mama alirudi ndani. Alitoka amelikumbatia dumu la petroli ya ndege kwa mikono miwili, nguo imeloa kifuani.

"Baba Mwajuma, tia hii leo."

Baba alimpokea lile dumu taratibu, kama mtu anavyompokea mtoto aliyelala. "Hii itaunguza injini. Tutalala njiani, usimwone mama yako kabisa."

"Leo si siku ya ubahili."

Alisema hivyo mbele ya watu wote. Baba alilirudisha dumu chumbani, akalifunika gunia lake, akaja kujaza tangi kutoka kwenye pipa. Nilimwona akijimwagia nyuma ya kiganja, akainusa, akairudia tena. Kisha tukapanda, mimi katikati yao.

Tulivuka Ruvu kwa pantoni, tukaipita Kiwangwa jua limeshakuwa kali. Mchanga ulikuwa mwingi na Jitu lilizama na kunguruma. Kila mwinuko injini iligonga, Baba akalegeza mguu, na kila akilegeza, Mama alimgeukia.

"Mbona unapunguza?"

"Inagonga."

"Acha igonge."

Tulipoiacha Msata nyuma, tukaukuta mlima mrefu wa udongo mwekundu. Injini ilianza kutwanga. Baba alimtazama Mama, na Mama alikuwa anatazama mbele tu, midomo inacheza, anasoma dua. Baba akakanyaga. Akakanyaga mpaka mwisho, yeye ambaye sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Mlio ule nilioupenda ukabadilika, ukawa kama chuma kinachopigwa juu ya chuma, halafu ukaja mshindo mmoja, moshi ukajaa, na Jitu likasimama. Kimya kilichofuata kilinitisha kuliko mshindo.

Baba alifungua boneti. Mikono ilimtetemeka hata akaiangusha bisibisi, akaiokota, ikaanguka tena. "Pistoni imetoboka," alisema, na hakuna aliyemwuliza maana yake.

Mama alikuwa ameshashuka. Alinishika mkono tukaanza kutembea. Hatujafika mbali Baba akatufuata, ameliacha lori na chumvi na watu wote, akanibeba mabegani. Mama alitangulia. Njia nzima hakugeuka nyuma. Niliona visigino vyake tu, vyekundu kwa vumbi, na shingo ya Baba imelowa jasho lililonuka mafuta ya taa.

Tulifika Lugoba wakati wa alasiri. Njiani tulikutana na wanaume wanarudi kutoka makaburini, wamebeba jeneza tupu. Mama alilitazama likipita. Kisha akaendelea kutembea mwendo ule ule, kama mtu ambaye miguu yake haijaambiwa.

Uani kwa Bibi maji yalikuwa bado hayajakauka mahali alipooshewa. Mama mkubwa alimpokea mdogo wake kifuani.

"Tulikungoja mpaka adhuhuri, mdogo wangu. Maiti hasubirishwi."

"Alisema nini juu yangu?"

"Alikuuliza tu. Asubuhi yote alikuwa akituuliza, lori halijasikika? Upepo ukivuma akasema ndilo lile."

"Radhi je?"

Mama mkubwa hakutaka kumtungia uongo. Nikamsikia Mama akilia kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Baba alisimama nje ya ua. Hakuna aliyemwambia ingia.

Tuliporudi Bagamoyo, Mama alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma na kuliondoa gunia. Dumu lilikuwa pale pale. "Limebaki salama," alisema. "Alhamdulillahi." Kesho yake Baba alilitoa akaimwaga petroli yote nyuma ya nyumba, na pale ilipomwagika majani hayakuota kwa muda mrefu.

Tangu hapo Baba alipikiwa, akafuliwa, akauguzwa alipougua, lakini hakuzungumzishwa. Mama hakupanda lori lile tena. Sisi watoto tulipokua kidogo alituambia kwamba baba yetu alikuwa mtu wa kinyongo, kwamba aliizuia petroli ile makusudi, kumlipizia Bibi yale ya "wewe mwenye gari." Tuliamini. Baba alisikia maana nyumba haikuwa kubwa, na hakujitetea. Alifariki nikiwa nimeshaolewa.

Mkwe wangu ni fundi wa magari. Siku moja nilimwuliza kuhusu zile namba zinazoandikwa kwenye pampu za petroli, kama namba kubwa ni nguvu zaidi. Alicheka kwa adabu. "Si nguvu, Mama. Ni uvumilivu. Petroli hubanwa ndani ya injini kabla ya kuwashwa. Ile ya namba ndogo, ikibanwa sana kwenye joto na mzigo, hulipuka yenyewe kabla ya zamu yake. Ndiko kugonga huko, na kukizidi, pistoni hutoboka. Mafuta ya taa hayavumilii hata kidogo."

"Na petroli ya ndege?"

"Ile huvumilia kupita kiasi. Kwa safari moja isingeunguza kitu."

"Basi dereva wa zamani angekataa kuitia kwa sababu gani?"

"Kwa kuogopa, Mama. Wote waliamini inaunguza. Fundi wangu wa kwanza alinifundisha hivyo hivyo."

Nilifunga safari kwenda Bagamoyo. Nilimkuta Mama kibarazani anachagua mchele kwenye ungo, macho yameshapungua, anatafuta mawe kwa vidole. Nilimweleza yote. Nikamaliza kwa kusema, "Mama, Baba hakukusudia."

Hakuinua uso. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu kule mlimani. Nilimwona anavyotetemeka." Alitoa kijiwe akakitupa uani. "Lori lile lilipita Lugoba kila wiki, Mwajuma. Miaka mingapi? Kila safari aliniambia panda. Sasa ningemlaumu nani, na mama yangu yuko udongoni? Baba yako alikuwa na mabega mapana. Nikamtwika."

"Naye alijua?"

"Alijua. Alipokuwa anakata roho nilimwomba radhi. Akaniambia, mzigo wenyewe si mzito."

Akaendelea kuchagua mchele. Nilikaa karibu naye mpaka adhana, nikimfikiria Baba akila peke yake ukumbini, na sisi watoto wake tunampita bila kumtazama. Utotoni nilidhani kimya kile ni cha mtu mwenye hatia. Kumbe tulimbana miaka yote ile, na hakulipuka hata siku moja.