Siku Nilipotaka Kumwita Mtoto Parisi

Nakumbuka siku moja ndege kubwa zilianza kushuka Bunia, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, moja baada ya nyingine, hadi mabati ya nyumba yetu yakatetemeka. Mwanangu, furaha iliyonishika! Nilikuwa nimejifungua juzijuzi tu, lakini nilitoka uani na mtoto kifuani, napiga vigelegele.

Ujue kwanza tulikotoka. Uganda na Rwanda waliingia kwetu wakiwa marafiki, kisha wakageukiana, kila mmoja na vijana wake wa kuwapa bunduki. Asubuhi tuliambiwa hawa ni ndugu, jioni ni adui. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi zenyewe ni sisi. Sasa wakubwa wa Ulaya nao walikuwa wanakuja na wanajeshi wao, Wafaransa mbele. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

“Huyu binti ataitwa Parisi!” nikatangaza. Mume wangu, maskini, alikuwa amekwisha kukubali.

Mama mkwe aliacha kuchambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. “Parisi ilikuficha siku gani?”

Nikamwonyesha ndege juu.

“Ba Uganda nabo tuliwapigia vigelegele. Leo wako wapi? Mutu mwenye alikuficha iko pale, iko anafunga mizigo.”

Alikuwa anamwonyesha Josefina, jirani yetu, muuza samaki wa Kasenyi, kule ziwani. Kabila lake na letu yalikuwa yanawindana. Vijana wa upande wake walipoingia mtaani, alitusukuma nyuma ya magunia yake ya samaki, akasimama mlangoni na kuapa kwamba hakuna mtu. Sasa bunduki zilikuwa mikononi mwa vijana wa upande wetu, nao walikuwa wanamuulizia. Alitaka kukimbilia mji wa Komanda peke yake, kwa barabara iliyokuwa inameza watu. Na mimi nilikuwa naangalia ndege!

Nilivuka ua mbio, nikamwekea mtoto mikononi. “Josefina, nimemupa jina yako. Usiende.”

Alilia, nami nikalia. Kwetu, mtu ambaye mtoto amepewa jina lake si mgeni tena. Ukimgusa, umegusa ukoo.

Jioni wale vijana walifika. Mama mkwe, mfupi vile, akawazibia mlango.

“Huku kuko Josefina wawili, na wote wako wangu. Mutaanza na gani?”

Walitazamana, wakaondoka. Ee Mungu wangu, tulivyocheza usiku ule!

Wafaransa hawakukaa sana. Walitufaa, siwasemi vibaya, lakini walikuja kwa mipango yao na wakaondoka kwa mipango yao. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa hiyo, mwanangu, redio ikikuambia mkubwa fulani sasa yuko upande wenu, mshukuru, ila usiache mbachao kwa msala upitao. Usalama wako unaanzia kwa jirani, hasa yule uliyefundishwa kumwogopa. Mfanye ndugu mapema, kabla bunduki hazijabadilisha mikono.

Mungu akupe majirani wenye moyo, na siku wakikuhitaji, akupe miguu ya kukimbia kwao. Amina.