Muziki wa Vidole Vitatu

Usiku wa poromoko la theluji nilikaa jikoni kwa Mwalimu Gaudenz, maana simu ilikuwa kwake. Mwanangu Luzi alikuwa amepanda kulisha ng'ombe kwenye zizi la juu, mlima ukashuka. Wanaume walikwenda kumchimbua. Supu ya shayiri ilipoa mezani, hakuna aliyeigusa.

Mwalimu alisomea muziki Zurich, akarudi baba yake alipokufa, akabaki kufundisha shule na kupiga kinanda kanisani. Alitunga kwa watu aliokuwa nao. Muoka mikate wetu alipiga filimbi, lakini unga ulikuwa umemharibu kifua, basi Mwalimu akamwandikia vipande vifupi vifupi ili apumue. Luzi alipokatwa na msumeno kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ule unaobonyeza nyuzi, akaitundika fidla yake ukutani na kuacha kuongea mezani. Mwalimu akamtungia muziki wa fidla na piano wa vidole vitatu, maana kidole gumba hushika fidla tu. Sauti iliyohitaji kidole kilichokatika, aliipa piano. Luzi akaanza tena kuongea.

Mwalimu aliupeleka Zurich uchapishwe, mabwana wa huko wakaurudisha, eti una mapengo.

"Wao wana vidole vyote," Mwalimu alisema, akacheka.

Usiku ule hakucheka. Alizunguka meza tu.

"Kaa chini, Mwalimu, unanitia wazimu."

"Siwezi, Mama Luzi."

"Basi kapige hiyo piano yako."

"Nikipiga, hatutasikia simu."

Akasimama dirishani. "Mikono yake ikiwa imeganda, nitauandika upya ule muziki wake. Hata vikibaki viwili."

"Vidole! Wewe unawaza vidole! Mimi namtaka mtoto wangu, hata asiiguse fidla tena maisha yake yote!"

Akageuka kutoka dirishani. "Na mimi namtaka, mama. Sijui kusema hivyo kwa namna nyingine."

Nikamsogezea kiti. Safari hii akakaa.

Simu haikulia. Kulipoanza kupambazuka tukasikia mtu akigonga viatu kwenye ngazi, kukung'uta theluji. Nilizijua hatua zile: Risch, kiongozi wa waokoaji, mtu ambaye huanza utani kabla hajaingia ndani. Nikangoja utani wake.

Mlango ukafunguka. Risch alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili, na hakunitazama.

"Mwalimu," alisema, "mshike mama."