Majani ya Mzee wa Kanisa

Jana nilifungua pakiti ya majani ya chai, na ile harufu ya vumbi ikanirudisha kwenye soko la Kitale. Mama hakununua majani kwa macho. Aliyasugua kiganjani, akayanusa, kisha akatia kidogo kwenye glasi ya maji baridi. Majani mazuri hukawia kutoa rangi. Siku moja, ya mzee wa kanisa letu, aliyeyaleta kutoka Bungoma kuuza, yalifanya maji kuwa mekundu papo hapo.

“Mzee, haya yalishapikwa hotelini,” mama alisema. “Umeyaanika na kuyatia rangi.”

“Si unaniharibia jina, mama,” akajibu, wateja wakitazama.

Jioni alikuja kwetu kushtaki. Baba hakuuliza habari ya glasi.

“Mwombe mzee msamaha,” alimwambia mama.

Mama aliomba akiwa amepiga magoti, mbele yetu watoto wake. Mzee akamwachia nusu kilo ya majani yale yale, ati zawadi.

Asubuhi mama aliyapika. Sisi alitupa uji. Kikombe cha baba alikijaza chai ile. Baba akakinywa chote, akasifu chai, akaomba kingine.