Nilimtoa Mume Wangu Kwenye Foleni ya Ukapteni

Makosa ni yangu, sitafuti wa kumsingizia. Nimeharibu kazi ya mume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Jamani, nimekwisha!

Mume wangu ni rubani. Kwa miaka tisa alikuwa rubani msaidizi, akingoja kupandishwa awe kapteni. Mimi ni mwalimu hapa Kitale. Watu wa kwao Sirisia walishaanza kumwita Kapteni, na mimi kanisani nikawa naitikia "bibi ya Kapteni" huku nikijua si kweli. Aibu iliniua!

"Kwani wewe huoni wenzako?" nilimuuliza kila alipokuja likizo.

"Mama Nekesa, si nimekueleza? Kwetu kazini hawaangalii nani hodari, wanaangalia nani aliandikwa kwanza. Mbele yangu wamebaki wawili tu, bana. Vumilia."

Wawili! Nikaona ananizungusha. Kampuni nyingine ndogo ilikuwa inatafuta marubani, na mtu wa huko akamwambia ati ukapteni utakuja haraka. Alipositasita nikabeba mtoto, nikaenda kwa wazazi wangu Saboti. Nikasema sirudi mpaka aache kazi ile.

Siku ya kumi akanipigia simu. "Barua nimepeleka. Rudi nyumbani."

Nilishangilia, mjinga mimi!

Kampuni mpya ikamweka mwisho kabisa wa orodha. Miaka tisa ikafutwa hivyo tu! Haikupita miezi mitano, kule alikotoka wale wawili wakapandishwa, kisha akapandishwa kijana aliyekuwa nyuma yake. Nafasi ile ilikuwa yake! Akaomba kurudi. Wakamwambia karibu, lakini utaanza nyuma ya wote, hata wale uliowafundisha.

Akaacha urubani. Sasa yuko Sirisia, analima shamba la babake. Kila Jumamosi nateremka huko kwao kumwomba msamaha. Juzi alinikuta jikoni na mamake. Hata hakupaza sauti.

"Ulitaka kapteni," akasema. "Mimi hukunitaka."

Akachukua jembe, akatoka. Mama mkwe akanishika mkono. "Enda tu kwanza, mtoto wangu. Siku ukikuja, huyu hakuli."

Wanawake wenzangu, mume akikwambia zamu yake inakaribia, nyamaza umngoje! Usimsukume kwa sababu ya macho ya watu. Hao watu wa kanisani hakuna hata mmoja anayeniuliza siku hizi nalala vipi.

Jumamosi naenda tena. Sijui nikifika nitamwambia nini.