Mstari wa Mwisho wa Ubao

Ilikuwa mwaka ule gati letu lilipopakwa rangi ya bluu. Hapana, nimekosea. Rangi ilikuja baadaye, maana siku ninayotaka kuisimulia niliegemea nguzo yenye kutu na shati langu likaharibika mgongoni. Ulikuwa mwaka wa mafuriko, yale yaliyoondoka na daraja, na kwa miezi mingi upande wetu haukuwa na njia ya kwenda mji wa pili ila kwa mashua.

Mimi nilikuwa fundi wa matanga. Nilishonea kwenye kibanda cha mabati, na mbele yangu palikuwa na ukuta wa ofisi ya gati uliotundikwa ubao mweusi. Ubao ulikuwa wa Bi Chaki. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini hata karani wa gati akimwita kuchukua mshahara wake alimwita hivyo hivyo. Aliishi chumba cha nyuma ya ofisi, kitanda, jiko la mafuta na redio, basi.

Kila asubuhi alitoka na kitambaa chenye maji, akafuta, akaandika. Mstari wa kwanza ulikuwa wa redio. Wa pili ulikuwa wa kituo cha hali ya hewa kule uwanja wa ndege, ambako alipiga simu. Wa tatu ulikuja karani aliponunua simu ya kioo, yenye utabiri ndani. Chini yake aliandika "Jana", yaani bahari ilivyokuwa kweli, ili kila mtu aone nani alisema sawa na nani alibahatisha. Halafu mstari wa mwisho, neno moja tu: "Nendeni" au "Subirini". Bila neno hilo hakuna mashua iliyotweka tanga. Haikuwa sheria ya serikali. Yalikuwa mazoea ya gati, lakini nahodha aliyeyavunja alibaki na mashua tupu.

Gazeti alikuwa ameliacha zamani. Alisema linanakili redio, tena kwa kuchelewa. Redio nayo hakuisikiliza nusunusu. Aliisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu mwanzo wote ni habari za mvua ya mjini, na mvua ya mjini haimhusu mtu aliye baharini. Akipiga simu kituoni alikuwa na maswali yake: utabiri huu mmeutoa saa ngapi, ni wa pwani ipi, na upepo huo ni wa kutulia au wa kupiga ghafla? Yule bwana wa kituoni hakuwahi kumwona kwa macho. Alichompendea ni kwamba siku nyingine husema, "Leo mama sina hakika." Bi Chaki aliniambia mtu anayekubali kutojua ndiye wa kusikilizwa anaposema anajua.

Hayo aliniambia mara moja, mvua ilipomkimbiza kibandani kwangu. Kwa kawaida hatukuongea. Watu wengi hawakuongea naye. Walifika mbio, wakautazama ubao, wakashuka ngazi. Nilizoea kusema moyoni kwamba ubao ulisalimiwa kuliko mwenyewe.

Alikuwa na mume, nahodha. Asubuhi moja redio ilisema upepo mkali, gazeti likasema shwari, na mume alikuwa amekwisha pakia mizigo. Akachukua la gazeti. Gazeti lenyewe lilikuwa la jana yake. Mashua ilionekana imepinduka, yeye hakuonekana. Ndipo mkewe akaomba kazi ya ubao, na ndipo lilipoanza sharti lake: mwenye safari asichague utabiri. Alisema mtu akishafunga mzigo macho yake hayasomi tena, yanatafuta ruhusa.

Basi mwaka huo wa daraja, nahodha kijana aliyekuwa akienda na kurudi mji wa pili alileta salamu. Dada yake Bi Chaki, ndugu pekee aliyebaki, alikuwa mgonjwa wa kutoinuka, na alitaka kumwona. Nahodha akasema asubuhi anarudi huko, nafasi ipo.

Asubuhi nikamkuta Bi Chaki amevaa viatu vya kutokea, na mkoba uko miguuni. Akaandika kama siku zote. Redio: upepo wa wastani. Kituo: wastani, unapungua mchana. Simu ya karani: wastani. Jana: shwari. Kisha chaki ikasimama hewani kwenye mstari wa mwisho, akaishusha.

Nahodha akamwambia, "Mama, malizia basi, abiria wameshapanga foleni."

"Mimi leo ni abiria," akasema. "Tafuta mtu mwingine aseme."

"Nitamtafuta wapi? Wewe ndiye hali ya hewa yenyewe."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nahodha akajitolea kuandika mwenyewe, akaambiwa naye ana safari. Abiria nao walikuwa na safari. Bi Chaki akaenda dirishani kwa karani, akamwomba asome ile mistari na kuamua. Karani akasema kwa upole kwamba lawama za maji haziwezi, ana watoto. Mwanamke mmoja mwenye kapu akauliza kama gati zima limerogwa, maana jua linawaka na bahari imelala.

Hapo Bi Chaki akageuka akanitazama. Mimi sikuwa na safari. Darasa nililoishia lilinitosha kusoma ubao, na ule nilikuwa nimeusoma kila siku ya Mungu tangu ulipotundikwa. Nikaweka sindano chini. Nikainuka kidogo kwenye kiti, kama mtu anayeona anaitwa. Tukatazamana hivyo, kisha akageukia ubao wake. Alisimama pale kitambo, akiwa na chaki mkononi, akisoma na kurudia. Mwisho akaandika "Subirini".

Watu walilalamika, nahodha akatupa kamba chini, wakatawanyika. Bahari ilishinda siku hiyo imetulia kama maji ya beseni. Bi Chaki aliketi juu ya mkoba wake, uso kwenye maji, mpaka kivuli cha ofisi kikamfikia.

Kesho yake alivaa viatu vya kazi. Kwenye "Jana" aliandika kwa mkono uleule wa siku zote, "Shwari kutwa." Hakulifupisha wala kulificha. Juu yake mistari yote mitatu ilisema upepo mkali, na mwisho, "Subirini", na safari hii ilikuwa kweli. Upepo ulivuma karibu wiki. Ulipotulia, mashua ya kwanza kutoka mji wa pili ilileta habari kwamba dada amekwisha zikwa.

Walikuja watu wachache kumpa pole, wakiwa wanautazama ubao kwa jicho la pembeni, maana walikuwa na safari.

Nilikaa na swali langu muda mrefu. Mara niliona aliogopa nisije nikamwambia aende kwa sababu tu alitaka kwenda. Mara niliona labda hakujua kama najua kusoma. Mara niliona hakuniona kabisa, alitazama tu upande wangu. Siku moja nikampelekea chai, nikamkuta anafuta ubao. Nikamuuliza. Akaendelea kufuta, mahali palepale palipokwisha kuwa safi, hadi chai ikapoa juu ya ukingo wa dirisha. Kisha akaniomba nisogee kidogo, namzibia mwanga.

Siku hizi yeye hayupo, na ubao haupo. Ukuta una misumari miwili na rangi ya bluu. Kila mtu anatazama simu yake mwenyewe na kujichagulia. Mimi bado nasimama kilipokuwa kibanda changu nikipita, na bado namuuliza: mbona hukuniuliza mimi?