Nililazimisha besi ya baba miaka yote, kumbe mimi ni tenor

Wakuu, habari za saa hizi.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nyuzi zenu nyingi nimezisoma nikiwa nimekaa dukani nasubiri wateja. Leo acha na mimi niandike yangu. Sina picha wala screenshot, ila nitakayosema ndiyo yaliyonikuta, sitapamba.

Mimi ni mtu wa Itigi. Kwa sasa naishi Mitundu na mke wangu na watoto, nina duka la pembejeo na kashamba ka alizeti.

Mzee wangu alifanya kazi reli, wale wanaotembea kukagua njia na kuitengeneza. Ni Mnyaturu wa maneno machache sana. Unaweza kukaa naye asubuhi nzima akakuambia "lete maji" basi, imeisha hiyo.

Lakini kwenye kuimba, wakuu, yule mzee alikuwa na besi.

Nazungumzia besi yenyewe, siyo ya kuigiza. Kwaya ikifika pale wanaume wa chini wanapoingia, benchi ulilokalia unalisikia linatetema. Wageni walikuwa wanageuka kutafuta spika iko wapi. Itigi nzima mimi nilijulikana kama mtoto wa yule mzee wa besi.

Sasa njoo kwangu. Mtoto wa kiume peke yangu, dada zangu ndio wengi.

Wenzangu walipobalehe sauti zao zilishuka. Yangu ilikwaruza kidogo, halafu ikarudi juu ikakaa. Nimeshaota ndevu, nikipokea simu ya mzee naambiwa, "Samahani dada, baba yupo?" Dada zangu walikuwa wanacheka mpaka wanakaa chini. Na mimi nilikuwa nacheka nao, ila moyoni nilikuwa naumia.

Nilipoingia kwaya ya kanisani kwetu sikuuliza mtu. Nilikwenda moja kwa moja upande wa besi nikasimama pembeni ya baba.

Kwa wasiojua, besi ya kulazimisha inafanyika hivi. Unakandamiza kidevu kifuani, unakaza shingo, halafu unaisukuma sauti kutoka kooni. Kinachotoka ni kama mtu anasukutua. Wewe mwenyewe unajisikia simba, ila waliokuzunguka wanakuvumilia tu.

Mwalimu wetu wa kwaya, tumwite Mwalimu Elia, hakuvumilia. Siku moja mazoezini alisimamisha wimbo.

"Wewe kijana, hamia huku. Tenor yangu haina mtu wa juu, na wewe unaharibikia hapo bure."

Nikamjibu, "Mwalimu, sisi kwetu ni besi."

Watu wakacheka. Baba hakucheka.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani baba akasema, bila hata kunitazama, "Besi nipo mimi. Inatosha."

Basi.

Naomba mnielewe hapa, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Mimi nilisikia, "Wewe huwezi kuwa kama mimi." Sikuuliza ana maana gani, na kwetu baba akishasema humfuati na maswali. Nikaiweka ile kauli moyoni na nikaapa kwamba hiyo besi ataisikia mpaka akubali.

Nilipooa na kuhamia Mitundu nikajiunga na kwaya ya huku. Waliponiuliza sauti gani nikasema besi, na kwa kuwa hawakunijua, wakaniamini. Nikaisukuma miaka na miaka. Koo lilikuwa linauma kila baada ya ibada, natafuna tangawizi na asali, kesho narudia.

Mpaka ikafika siku tunaimba kwenye harusi. Katikati ya wimbo nafungua mdomo, inatoka hewa tupu. Nikadhani ni mafua. Wiki ikapita, kimya. Dukani nikawa naonyesha bei kwa vidole, mama Neema, mke wangu, ndiye anakuwa mkalimani.

Nikaenda Singida mjini kumwona daktari wa koo. Mama mmoja mtu mzima hivi, mpole. Akanipitisha kamera kooni, akasema nyuzi za sauti zimevimba na zimeota vijinundu. Akaniuliza, "Unapiga mnada?"

Nikatikisa kichwa, nikaandika kwenye simu: naimba kwaya.

"Unaimba sauti gani?"

Nikaandika: besi.

Akanitazama shingo, akanitazama usoni. "Nani alikuambia?"

Nikairudisha simu mfukoni.

Akanipiga marufuku kuongea, hata kunong'ona, mpaka atakaponiona tena.

Ni katika kipindi hicho baba alikuja Mitundu. Hakuwa mtu wa kutembelea watu, alikuja na dumu dogo la asali, amejaa vumbi kuanzia kofia mpaka viatu. Nikampa mkono na kuinamisha kichwa, shikamoo yenyewe sikuweza kuitamka. Tukakaa mbele ya duka.

Nadhani kwa kuwa sikuweza kujibu, ndipo yeye akaweza kusema.

"Mwalimu Elia alinisema sana kwa ajili yako," akaanza. "Akasema mzuie mwanao anajiumiza. Nikakuambia besi nipo, inatosha. Nikadhani umenielewa."

Nikatikisa kichwa kwamba sikumwelewa.

Akavua kofia, akaikung'uta vumbi.

"Mimi maisha yangu yote naimba chini. Mtu wa chini peke yake hana wimbo, anasubiri wa juu. Nilipokusikia udogoni unaimba ukichunga mbuzi, nikasema huyu hapa. Nilitaka mtu wa kuimba na mimi. Sikutaka mtu wa kuimba kama mimi."

Nilimshika mkono, ndicho nilichoweza. Jioni akapanda gari akarudi Itigi.

Nikapona. Daktari akaniambia nisiilazimishe sauti, niiache iende inakotaka. Nikaenda kujaribu shambani kwenye alizeti, peke yangu, kwa aibu. Nikafungua mdomo bila kukaza kitu.

Ikapanda. Ikapanda pale juu ikakaa bila kuyumba, na haikuuma. Nilishtuka, nikageuka kutazama kama kuna mtu amesikia. Nilikuwa sijawahi kujisikia hivyo, na bado jambo la kwanza lililonijia ni hofu kwamba watu watasema naimba kama mwanamke.

Sasa hapa ndipo ninapojutia, wakuu.

Baba alikuwa akinipigia simu kila mara. "Koo linaendeleaje?"

Namjibu, "Bado kidogo baba, linavuta vuta."

Halikuwa linavuta. Lilikuwa limepona kabisa. Najua alichokuwa anataka, alitaka niende Itigi tusimame pamoja mbele ya watu, yeye chini mimi juu. Nilimwogopa yule anayeniita dada kwenye simu. Nikasema tumalize kwanza kuvuna. Nikasema Krismasi. Krismasi nikasema Pasaka. Naye hakunisukuma hata mara moja, anasema tu, "Haya, ukiwa tayari."

Kabla ya Pasaka dada yangu mkubwa akapiga. Baba ameanguka. Kiharusi.

Alipona, namshukuru Mungu, yuko hai hadi ninapoandika. Ila upande wa kulia hauna nguvu, mdomo umepinda, na maneno yanatoka kwa shida, mengine hayatoki kabisa.

Nilipokwenda kumwona nilimkuta amekaa barazani asubuhi, amefunikwa shuka. Tulikaa muda mrefu. Halafu sikujua hata nimeanzaje, nikaimba. Ule wimbo aliotufundisha tukiwa wadogo, ila safari hii sauti ya juu, ya kwangu, bila kuficha. Jirani alisimama kwenye ua wake akasikiliza. Hakucheka mtu.

Baba alifumba macho. Wimbo ulipofika pale besi inapoingia, nikaona anavuta pumzi.

Akafungua mdomo.

Sauti iliyotoka haikuwa besi. Ilikuwa nyembamba, imekatika, inatetemeka, kama ya mzee mwingine kabisa. Yeye mwenyewe aliisikia. Akaacha hapo hapo, akaufunika mdomo kwa mkono ule wenye nguvu, akatikisa kichwa. Nilimwona ameona aibu, baba yangu, kuonea aibu sauti yake mbele yangu.

Nikamwambia, "Hiyo hiyo baba. Imba hiyo hiyo."

Akanitazama sana. Machozi yakamtoka upande mmoja. Lakini hakuimba tena, na mpaka leo hajaimba.

Siku hizi mimi ni tenor, nasimama mbele na sioni haya. Watu wanasifia, vijana wananiuliza nilijifunzia wapi. Kila nikirudi Itigi namwimbia mzee barazani, na nikifika pale pa besi nanyamaza nampa nafasi. Anavuta pumzi, halafu anaiachia bila sauti. Naendelea ubeti unaofuata.

Nililojifunza, wakuu, ni kwamba sauti uliyopewa huwezi kuibadilisha kwa kuikandamiza, utaiumiza tu na wewe utaumia nayo. Na ukishaijua, usiiweke akiba kusubiri hofu iishe. Kuna mtu anaisubiri, na yeye hana muda wote unaodhani anao.

Nina swali kwa wenye ndugu waliopata kiharusi. Nimesikia kuna wagonjwa wanashindwa kuongea lakini kuimba wanaweza. Kuna aliyeshuhudia? Walianzaje, na mlifanya nini mpaka mgonjwa akakubali kuisikia sauti yake mpya bila kuona aibu? Hata kama ni jambo dogo, niandikieni hapa. Jumamosi naenda Itigi.