Mtani Wangu wa Mivukuto

Siku hizi mtani wangu ananiamkia. Nikisimama mlangoni kwake, kule Chemchem, anainua uso taratibu, ananitazama kama mtu anayejaribu kusoma bango la mbali, kisha anasema, "Shikamoo, mzee."

Mimi ni mdogo kwake kwa miaka minne. Ninaitikia kwa sababu mkewe aliniomba nisimbishie, lakini kila ninapoitikia marahaba ninajiona kama nimepokea kitu cha wizi.

Mimi ni Mnyamwezi, yeye ni Mgogo. Babu zetu walibeba mizigo ya misafara kutoka hapa Tabora hadi pwani, na njia ilipita katika nchi ya babu zake, nchi kavu, ambako msafara ulilipa hongo ndipo uruhusiwe kupita na kuteka maji. Ugomvi ule wa visimani ukazaa utani, na utani umebaki hata baada ya misafara kwisha. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kukunyang'anya kofia akaivaa. Ukifiwa, anakuja kukucheka palepale msibani, na huna ruhusa ya kukasirika. Yeye aliniita mpagazi. Mimi nilimwita mtoza hongo. Katika miaka yote ya kufahamiana hatukuwahi kuamkiana hata mara moja.

Tulifahamiana uzeeni, kwenye chumba cha maonesho cha Gongoni. Mimi nilikuwa nimestaafu kazi ya kutunza maabara ya shule ya sekondari. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, lakini miaka ya kuosha vyombo vya kemia na kuwapangia walimu majaribio ilinifundisha mengi. Watu wachache wa mjini walitaka pawe na mahali ambapo mtu wa kawaida atagusa sayansi ya mkoa wake kwa mikono yake, si kuisoma ukutani. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi akatuachia ghala lake la zamani, lililokuwa la nta na asali, lenye kuta nene, milango miwili ya mbao nzito na vidirisha vidogo juu karibu na dari. Mimi nikapewa usimamizi.

Tuliweka mzinga wa nyuki wenye ubavu wa kioo, watu waone masega yakijengwa. Tuliweka bani dogo la kukaushia tumbaku, mtu afungue na kufunga matundu aone joto linavyopanda na kushuka. Tuliweka mashine ya chuma iliyotoka reli, ile ambayo zamani stesheni moja iliitumia kuiomba stesheni ya mbele ruhusa ya kupitisha treni; ukibonyeza huku, kengele inalia kule. Kwenye meza ya mwisho nikaweka kitu rahisi kuliko vyote: mshumaa na chupa pana ya kioo. Mtoto anawasha mshumaa, anaufunika kwa chupa, anahesabu. Mwali unapungua, unakuwa bluu, unazimika. Juu ya meza niliandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa: MOTO HULA HEWA. FUNIKA UONE.

Nayaeleza maandishi haya kwa sababu nitayarudia.

Uani, chini ya bati, palikuwa na tanuru la udongo la kufulia chuma na mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, kama waliyotumia wahunzi wa kwetu. Hapo ndipo wageni walipopapenda zaidi. Mtoto anakamata vijiti viwili, anavukuta huku na huku, mkaa unageuka mwekundu, kisha mweupe, na kipande cha chuma kinalainika mbele ya macho yake. Tulitafuta mhunzi wa kusimamia tukakosa. Waliojua kazi hiyo wamekufa na watoto wao wanachomelea mageti kwa umeme. Akaja yeye, mstaafu wa reli, mtu wa stesheni ya Tura, aliyejifunza ufuaji kwenye karakana. Siku ya kwanza alisimama katikati ya ua, akatazama tanuru, akanitazama mimi.

"Hili la kwenu?"

"La kwetu."

"Na Mnyamwezi wa kulivukuta hakuna?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo mmemwita Mgogo aje awafundishe kufua jembe la babu yenu." Akawageukia wanafunzi waliokuwa pale. "Mmesikia? Andikeni kwenye madaftari."

Wanafunzi wakacheka mpaka mwalimu wao akacheka. Nami nikamjibu kwamba tumemwita kwa huruma, tumesikia kwao hakuna chuma wala maji, wana jua tu. Kutoka siku hiyo watu walikuja kutusikiliza sisi kama walivyokuja kuona nyuki. Kifo ndicho kilichokuwa mzaha wetu mkubwa, kama ilivyo kwa watani. Akikohoa, ninamwambia nimekwisha kupima urefu wake kwa ajili ya sanda. Nikichelewa, anawaambia wageni kwamba mpagazi amefia njiani na mzigo wake umeliwa na mchwa.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa mwezi wa nane. Tulikuwa tunategemea wageni wakubwa kutoka nje ya mkoa, na niliyataka sana macho yao. Nilikuwa nimepaka meza rangi nyeupe na kutandika vitambaa. Asubuhi ukavuma upepo wa vumbi, ule wa kiangazi unaofanya mji mzima uwe wa rangi moja. Nikaona aibu: wageni wenye suti watasimama uani wakipigwa mchanga usoni? Tulikuwa pia na tanuru dogo la mfano, la kuhamishika; nikaamua liingizwe ghalani pamoja na mivukuto. Nikaamua pia milango ifungwe na vidirisha vizibwe kwa magunia, meza zisiingiwe na vumbi, hadi wageni watakapofika.

Mtani wangu alisimama na koleo mkononi.

"Moto ndani ya ghala?"

"Mkaa hauna moshi," nikamwambia.

Nilisema hivyo mimi, niliyewaeleza watoto wasio na idadi kwamba moto hula hewa. Nilijua kwamba kibaya cha mkaa ni hewa ya sumu, kitu kisichoonekana wala kunuka. Nilikifundisha. Lakini kile nilichokijua kilikuwa cha mezani, cha mshumaa na chupa, na sikukipa nafasi ya kutoka hapo kuja kusimama mbele ya vitambaa vyangu vyeupe.

Alianza kuvukuta, maana nilitaka wageni wakiingia wakute chuma kimeshaiva. Mimi nilikuwa naingia na kutoka, nikitazama barabara. Wageni wakachelewa. Nilipoingia mara ya tatu au ya nne, alikuwa ameacha kuvukuta, amekaa juu ya kigoda, mikono magotini.

"Mtani," akasema, "kichwa kinaniuma. Na miguu haina nguvu."

"Wagogo mkiona kazi mnaumwa," nikamjibu. "Vukuta!"

"Fungua mlango kidogo."

"Nikufungulie utoroke? Vukuta, mtoza hongo. Ukifa nitakubeba mimi mwenyewe mpaka Ugogo. Si mimi mpagazi?"

Hakunijibu.

Ninalirudia jambo hili kila siku. Hakunijibu. Mtu huyu hakuwahi kuniachia neno la mwisho, hata siku aliyokuwa na homa, hata siku tuliyotoka kumzika dada yangu. Ukimya wake peke yake ungetosha kuniambia kwamba tumeshatoka kwenye utani. Yeye alikuwa ameshatoka, akaniita kutoka upande wa pili, nami nikabaki nikicheka peke yangu. Alinitazama tu, akashika tena vijiti vya mivukuto. Nikatoka. Nikaurudisha mlango nyuma yangu.

Magari yalipofika niliwapokea wageni nje, nikasema hotuba yangu fupi, nikasukuma mlango kwa mbwembwe. Alikuwa amelala ubavu kando ya tanuru, mkono mmoja bado umeshika kijiti. Uso wake ulikuwa umeiva, una rangi nzuri, kana kwamba ni mzima kabisa. Mgeni mmoja ndiye aliyepiga kelele kwamba tumtoe nje. Tulipomburura kuelekea mlangoni tulipita chini ya maandishi yangu. MOTO HULA HEWA. FUNIKA UONE. Nikayasoma, neno kwa neno, huku nimemshika miguu.

Hospitalini daktari aliniuliza swali moja tu ambalo bado ninalisikia. "Alilalamika kabla? Alisema anaumwa?"

Mkewe alikuwa amesimama pembeni yangu, ametoka kufika, kanga begani, viatu viwili visivyofanana.

"Hapana," nikasema. "Hakusema kitu."

Sikuwa nimepanga kusema uongo. Ulitoka wenyewe, kama mkono unavyokinga uso. Lakini ulipotoka nikauacha ukae, na ukakaa miaka mitatu.

Hakufa. Aliamka, na kwa wiki kadhaa tulidhani amepona. Alinitukana hata pale kitandani, akadai nimlipe hongo ya machela. Kisha akaanza kurudi nyuma. Akasahau jina la mtaa. Akawa anatembea kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Daktari alisema hutokea kwa waliovuta hewa ile, ubongo huumia polepole baada ya mtu kuonekana mzima. Utani ulimtoka kabla ya mambo mengine. Siku moja niliingia nikamwambia, "We mtoza hongo, bado upo?" naye akaniangalia kwa wasiwasi, akasogea kunipisha kiti, akasema, "Shikamoo, mzee. Karibu."

Chumba cha maonesho kilifungwa kwa muda, kisha wakakifungua watu wengine, vijana wenye akili. Tanuru limerudi uani. Nimewahi kupita nikasikia watoto wakihesabu kwa sauti mbele ya mshumaa, moja, mbili, tatu, na sikuingia. Kazi yenyewe sikuikosea. Ni kitu kizuri mtoto akishika mwenyewe. Nilichokosea ni kufikiri kwamba mwenye kuonesha amekwisha kujifunza.

Mkewe naye ni Mgogo, kwa hiyo naye alikuwa mtani wangu. Zamani nikifika kwake alinifungia mlango kwa makusudi na kupiga kelele dirishani, "Mpagazi, mizigo inapita uani!" Tangu hospitali hajanitania. Ananiita baba. Ananiletea chai kwa mikono miwili, ananiuliza hali ya nyumbani, anakaa. Nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu, na nikaona ninaistahili.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kama kawaida. Mumewe alikuwa amekaa mkekani akichambua karanga, kazi aliyopewa ili mikono isikae bure. Alizichambua akazichanganya tena. Mkewe alikuwa anamfunga vifungo vya shati. Akasema, si kwangu hasa, "Mzee huyu ubishi wake ndio umemponza. Angesema tu. Mtu unajisikia vibaya, unakaa kimya, kwa sababu gani? Angesema, mngemtoa." Kisha akampiga mumewe kidogo begani, kwa kiganja, kama mtu anayempiga mtoto kwa hasira iliyokwisha kuzeeka. "Ningekuwa naye mpaka leo."

Ndipo nilipojua kwamba miaka mitatu hakuwa na hasira na mimi. Alikuwa na hasira na mumewe. Aliishi naye nyumba moja, akamlisha na kumwogesha, huku anamlaumu, na mume hakuwa na kumbukumbu ya kujitetea.

"Shemeji," nikasema. "Alisema."

Akageuka.

"Aliniambia. Nilidanganya pale hospitali, na nimeendelea kudanganya. Aliniambia, nikadhani ni utani. Hapana. Sikudhani kweli. Nilitaka uwe utani, kwa sababu wageni walikuwa njiani."

Hakulia wala hakunifukuza. Aliondoa mikono kwenye vifungo, akakaa chini kwenye mkeka karibu na mumewe.

"Alisema maneno gani?"

"Kwamba kichwa kinamuuma."

"Sikuulizi habari yake. Maneno yake. Kama alivyoyasema."

Nikayasema kama alivyoyasema. Mtani, kichwa kinaniuma, na miguu haina nguvu. Fungua mlango kidogo.

"Na wewe ukasema nini?"

Nikamwambia na hayo yote. Mpagazi, Ugogo, yote. Niliyasikia yakitoka kinywani mwangu katika chumba kile kidogo, na hapakuwa na mtu wa kucheka.

Akanipa mgongo, akamgeukia mumewe, akaushika uso wake kwa viganja viwili.

"Kumbe ulisema, mzee wangu," akamwambia. "Kumbe ulisema."

Mtani wangu akamtazama, kisha akanitazama mimi, akijitahidi, kwa adabu ileile ya mtu aliye ugenini.

"Nilisema nini?" akauliza.

Mkewe alikuwa amelaza kichwa begani kwake. Nami nilikuwa nimesimama, kofia mkononi, nisijue kama ni mimi ninayepaswa kumjibu. Mwishowe nikamwambia, "Ulisema nifungue mlango."

Akafikiri. "Basi fungua," akasema. "Kuna joto."

Mlango ulikuwa wazi. Nikaenda nikausukuma zaidi, mpaka ukagota ukutani.